Ukuta wa Mjerumani hauhitaji sementi yako

Nimeulizwa tena. Safari hii ni kamati ya ukumbi mmoja wa zamani karibu na ziwa, hapa Kigoma. Wametuma picha WhatsApp: lipu imevimba, chini ya madirisha imebanduka, ukuta unatoa unga mweupe wa chumvi. Chini ya picha, maneno yale yale: "Fundi, tumekubaliana tubomoe yote, tupige sementi kali, moja kwa tatu za mchanga, kama Mjerumani alivyojenga."

Wazee wangu, Mjerumani hakujenga hivyo. Na hiyo lipu inayobanduka pichani ni sementi. Mnataka kumpa mgonjwa dozi ya pili ya kilichomlaza.

Kuna na kundi la mayai, tulimalize haraka. Eti majengo ya kale yamedumu kwa sababu mota, ule mchanganyiko wa kuunganishia mawe na tofali, ilichanganywa na mayai. Chukua ukuta mmoja wa mita 20, kimo mita 4, unene sentimita 60. Hizo ni mita za ujazo 48. Mota ikiwa robo tu, ni mita za ujazo 12. Kuku wa Ujiji nzima wangetaga mpaka wakome, na bado kuna kuta tatu zinasubiri. Tuendelee.

Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914, safari ya kilomita 1,250 hivi. Sementi ilikuwepo duniani, na Wajerumani waliileta pale walipoihitaji. Lakini ilivuka bahari kwa meli, halafu ikapanda treni. Kiwanda chetu cha sementi cha Wazo, Dar es Salaam, kilikuja kuanza 1966. Kwa hiyo ukuta wa kawaida wa enzi zile ulijengwa kwa kilichokuwa karibu: mawe, tofali za kuchoma, udongo, na chokaa. Kigoma kila mtoto atakusimulia meli ya Liemba ilivyozamishwa 1916, ikaibuliwa 1924 na kurudi kazini 1927. Muulize ukuta wa nyumba ya babu yake umeunganishwa kwa kitu gani, atakuangalia tu.

Chokaa ninayoisema si ile ya kuchorea mistari uwanjani. Ni jiwe la chokaa, au matumbawe kwa watu wa pwani, lililochomwa kwenye joto la nyuzi 900 hivi, likazimwa kwa maji mpaka likachemka lenyewe, likalazwa shimoni likawa laini kama siagi. Ukiipiga ukutani inavuta hewa ukaa na kurudi polepole kuwa jiwe. Polepole ndilo neno linalowakimbiza wateja.

Sasa sikilizeni kwa nini sementi inaua. Kuta za zamani nyingi hazina dampu, ile tabaka ya kuzuia maji, kwenye msingi. Maji yanapanda kutoka ardhini kila siku ya Mungu, na tangu ziwa lilipojaa miaka hii, kwa nyumba za chini kule Kibirizi na Ujiji yanapanda zaidi. Aliyejenga alijua. Ukuta wake mnene unanyonya maji chini na kuyatoa juu ya uso wake, kupitia chokaa, jua likipiga yanaondoka. Ukija wewe na lipu ya moja kwa tatu, halafu kuskim uso uwe laini, halafu rangi ya mafuta, umeyafungia maji mlango. Hayarudi chini. Yanapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea, ndiyo maana unyevu uliokuwa magotini mwaka wa kwanza unaukuta kifuani mwaka wa tano. Maji yanabeba chumvi. Chumvi ikigandia nyuma ya lipu, punje zake zinakua na kusukuma. Tofali la kuchoma la zamani ni laini kuliko sementi, kwa hiyo kinachopasuka ni tofali. Lipu inaanguka ikiwa nzima, ngumu, safi, imeng'ang'ania uso wa tofali mgongoni mwake. Mwenye nyumba anaiokota na kuniambia: "Unaona fundi, sementi haina tatizo, tofali ndiyo mbovu."

Nikishasema haya yote, wananijibu kwa busara ya kikao: basi tuchanganye. Chokaa nyingi, sementi kidogo tu, nusu debe, ishike haraka.

Hiyo "kidogo tu" ndiyo inayonipandisha presha kuliko mayai. Watu wanadhani wamepata suluhu ya katikati. Sementi kidogo ndani ya chokaa haikupi nguvu ya sementi, na inakuharibia upole wa chokaa. Inaganda mapema, mchanganyiko unashikwa kabla chokaa haijapata muda wa kufanya kazi yake, na mwisho unabaki na kitu dhaifu kuliko chokaa tupu iliyotunzwa vizuri. Tena sementi inakuja na chumvi zake, na ukuta wenyewe tayari una chumvi ya kuuza. Kinachowadanganya ni kwamba keshoyake asubuhi ukigonga panalia ngo ngo. Fundi analipwa anaondoka. Chokaa siku ya pili bado unaitoboa kwa ukucha, mwenye nyumba anaona ameibiwa.

Ninachokitumia mimi badala ya sementi ni unga wa tofali: tofali za kuchoma ambazo hazikuiva sana, zimetwangwa, zimechekechwa. Ukichanganya na chokaa inashika hata penye unyevu. Vitabu vinaliandika hilo kama vile limekwisha. Halijaisha. Tofali za tanuri moja zinanipa lipu ya kujivunia, za tanuri la jirani zinanipa vumbi, kwa kipimo kile kile, na sina njia ya kujua kabla zaidi ya kupiga kipande cha majaribio na kusubiri. Mvua za Novemba zikiwa zimeshafika milimani, kusubiri ni maneno ya mtu asiye na mteja. Jambo jingine linaloninyima usingizi: lipu ya sementi iliyokaa ukutani miaka arobaini, je, uitoe? Ukiitoa kwa nyundo inaondoka na sura ya tofali. Ukiiacha, ukuta unaoza ndani. Huwa naanza chini, mita moja tu kutoka ardhini, nauacha uanze kupumua, ya juu naiangalia mwaka mzima. Kuna wenzangu wanaoniita mwoga. Huenda wana haki.

Na msije mkaigeuza chokaa kuwa dini. Unguja, pale Vuga, kuna jumba la sinema na maonyesho la Majestic, lililojengwa upya miaka ya 1950 baada ya lile la kwanza kuungua. Hilo ni jengo la enzi ya zege na nondo. Adui wa zege karibu na bahari ni chumvi ya hewani inayopenya mpaka kwenye nondo, nondo inashika kutu, kutu inavimba, zege linapasuka. Kumpakia chokaa hapo ni kumpaka poda mwenye jipu. Kazi yake ni kufungua zege lililooza, kusafisha chuma, kuziba kwa zege jingine zuri. Upande wa pili kuna tembe, nyumba ya udongo, la Kwihara, nje ya Tabora, alipokaa Livingstone mwaka 1872 baada ya kuachana na Stanley. Ukuta wa udongo unatakiwa ukandikwe kwa udongo. Sementi juu ya udongo haishiki, inaning'inia tu, ikianguka inaondoka na udongo wake.

Msitegemee serikali iwazuie. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda yenyewe majengo ya kabla ya 1863. Lililojengwa baadaye linasubiri kutangazwa. Nyumba ya babu yako ya mwaka 1920 pale Ujiji haina mlinzi ila fundi uliyemwita.

Kwa hiyo kamati ya ukumbi, kabla ya kununua mfuko wowote, tokeni nje. Pichani naona barabara imenyanyuliwa mpaka imepita sakafu yenu, na udongo umelala ukutani. Chimbeni huo udongo mpaka uwe chini ya sakafu, futi moja hivi, muweke mfereji wenye mteremko. Zibeni bati linalovuja kona ya kushoto, na mtengeneze mfereji wa paa, hauna hata mdomo. Subirini kiangazi kipite ukuta ukauke. Hapo ndipo mniite kwa lipu. Rangi ya mafuta msiiguse, pakeni chokaa, na mrudie kila baada ya miaka miwili mitatu. Kazi hiyo hata vijana wa kwaya wanaiweza.