Kusafisha sakafu ya akwariamu yenye mimea: nini kiondolewe, nini kiachwe

Kusafisha sakafu ya akwariamu yenye mimea hai, ya maji yasiyo na chumvi, ni kuondoa mashapo yaliyozidi juu ya mchanga au changarawe bila kuitibua mizizi iliyo chini. Si kuosha changarawe mpaka ing'ae. Hakuna kinachong'olewa, wala samaki hawahamishwi.

Mashapo ni ule uchafu laini wa kahawia unaotua chini ya tangi: kinyesi cha samaki na konokono, makombo ya chakula, vipande vya majani, pamoja na bakteria na viumbe wengine wadogo wanaojilisha humo. Ukipitisha mkono karibu nayo, hutimka kama vumbi. Wengi huyaona haya wakadhani tangi limechafuka vibaya, lakini mashapo yaliyokwisha kuoza hayana madhara makubwa. Kinachotia hofu ni kile kibichi, yaani chakula ambacho hakikuliwa, samaki aliyefia nyuma ya jiwe, au jani linaloanza kulainika. Hivyo vikioza hutoa amonia, nayo ni sumu kwa samaki.

Bakteria waishio kwenye filta na juu ya kila punje ya changarawe huibadilisha amonia hiyo. Kundi moja, wakiwamo Nitrosomonas, huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi jingine, wakiwamo Nitrospira, huigeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo samaki huivumilia zaidi. Pasipo mimea, nitreti hurundikana mpaka maji yabadilishwe. Penye mimea inayokua vizuri, amonia na nitreti huliwa na mimea yenyewe, na mashapo yanayozama kati ya punje huwa mbolea. Ndiyo maana ule ushauri wa kuchomeka bomba la kunyonyea uchafu mpaka kwenye kioo cha chini, kila pembe, unafaa tangi la changarawe tupu na unadhuru tangi la mimea.

Mimea nayo haifanani. Cryptocoryne na Echinodorus hula kwa mizizi zaidi na huisambaza mbali chini ya mchanga. Cryptocoryne hasa haipendi kusumbuliwa: mizizi ikivurugwa, majani yake yanaweza kuyeyuka yote ndani ya siku chache, ingawa kwa kawaida huchipua tena ukiiacha mahali pake. Karibu na mimea ya aina hii, bomba lisiingie mchangani kamwe. Anubias hufungwa juu ya gogo au jiwe, shina lake halifukiwi, kwa hiyo chini yake unaweza kusafisha bila wasiwasi.

Chombo chenyewe ni bomba pana la plastiki angavu lililounganishwa na mpira mwembamba unaoshuka hadi kwenye ndoo. Ndoo ikiwa chini kuliko tangi, maji hushuka yenyewe na kubeba uchafu. Bana mpira kwa vidole kupunguza kasi. Ustadi wote wa kazi hii umo katika vidole hivyo. Juu ya mchanga mwembamba, weka mdomo wa bomba kama sentimita 1 au 2 kutoka juu, ili mashapo mepesi yapande na mchanga ubaki. Kwenye changarawe, sehemu zisizo na mimea zinaweza kuchomekwa kidogo. Udongo wa vidonge uliotengenezwa kwa ajili ya mimea usiuchomeke hata kidogo, kwani vidonge vyake hupondeka kuwa tope. Na penye mimea mifupi iliyotanda kama jamvi, pepea maji kwa kiganja juu ya majani; mashapo yatapaa, nawe uyanyonye yakiwa bado yanaelea.

Anza kwa kupogoa majani yaliyochoka, kisha ndiyo unyonye, la sivyo utaifanya kazi mara mbili. Kwa kuwa bomba linaondoka na maji, usafi huu hufanywa pamoja na kubadilisha maji, kwa kawaida asilimia 20 hadi 30. Maji mapya yawe na joto linalokaribiana na ya zamani, na kama ni ya mfereji wa nyumbani yaondolewe klorini kwanza, maana klorini hudhuru samaki na bakteria wale wale unaowategemea. Filta isioshwe siku hiyo hiyo.

Watu huogopa sana madoa meusi yanayoonekana kupitia kioo, ndani ya mchanga. Hizo ni sehemu zisizo na oksijeni. Bakteria wa huko wanaweza kutoa gesi yenye harufu ya yai bovu, na gesi hiyo kweli ni sumu. Hata hivyo doa jeusi peke yake si dharura. Hatari huja pale mtu anapofukua tabaka lote nene kwa mara moja. Dawa nzuri ni mizizi: mimea mingi ya majini hupitisha oksijeni kutoka kwenye majani hadi mizizini, na sehemu ya oksijeni hiyo huvujia mchangani. Konokono wanaochimba, kama Melanoides tuberculata, nao hugeuza mchanga polepole. Wakizaliana kupita kiasi, ujue chakula kinachotupwa majini kimezidi.

Basi isafishwe mara ngapi? Siamini ratiba moja kwa matangi yote. Mashapo yakianza kufunika majani ya mimea mifupi na kuyanyima mwanga, wakati umefika. Ukifuga samaki wa Corydoras, wanaopekua mchanga kwa sharubu zao, safisha mapema zaidi mahali wanapokula. Tangi lenye samaki wachache na mimea mingi linaweza kukaa muda mrefu bila bomba kugusa chini, mradi makombo yanaondolewa siku hiyo hiyo.

Kung'oa mmea mkubwa ni jambo la peke yake, kwa sababu mizizi hupanda na kila kilichozama tangu ulipopandwa. Kata mizizi kuuzunguka kwa mkasi mrefu, uvute taratibu kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ushike mdomo wa bomba hapo hapo ili wingu la uchafu liingie ndooni kabla halijasambaa.