Adrenali hazichoki na dawa, tuelewane kwenye hili neno

Nimesikia tena wiki hii, mtu anaambiwa aachane na dawa zake za ADHD, ile hali ya ubongo inayofanya kutulia na kukaza umakini kuwe kugumu, kwa sababu "zinachosha adrenali", na aliyemwambia kasema kwa upendo kabisa, ndo maana nimeona niandike.

Adrenali ni tezi mbili, kila moja ina gramu 4 au 5 hivi, zimekaa juu ya figo kama kofia. Kazi yake ni kutoa homoni: ganda la nje linatoa kotisoli na aldosteroni, kiini kinatoa adrenalini. Basi.

Sasa jina lenyewe. Ni Kilatini, ad ni karibu na, renes ni figo, yaani tezi iliyo jirani na figo, halijasema kitu kingine chochote. Adrenalini ikaitwa kwa jina la tezi, Jokichi Takamine aliitenga mwaka 1901. Baadaye ikaja noradrenalini, ambayo kikemia ni ileile adrenalini imepungukiwa kipande kimoja, kwa hiyo ikarithi jina, na hapa ndo watu wengi wanapotea njia, maana noradrenalini nyingi mwilini haitoki kwenye hizo tezi, inatoka kwenye ncha za neva, na ya ubongo inatengenezwa hukohuko kwenye ubongo. Methilifenideti na amfetamini, ambazo ndo dawa za ADHD zenyewe, zinafanya kazi hasa pale kwenye neva, zinafanya noradrenalini na dopamini, kemikali nyingine ya kupeleka ujumbe kati ya neva, zibaki nyingi zaidi kati ya neva na neva. Hazikamui tezi. Ni kweli mapigo ya moyo na presha vinapanda kidogo, na kotisoli nayo inaweza kupanda kwa muda, ila kupanda kwa muda sio kuishiwa.

"Uchovu wa adrenali" ni jina alilolianzisha James Wilson, mtu wa tiba mbadala Marekani, mwaka 1998, na madaktari wa homoni hawalitambui kama ugonjwa. Ugonjwa wa tezi kushindwa kazi upo kweli, Thomas Addison aliueleza mwaka 1855, na huo sio wa kuchezea: mtu anakonda, presha inashuka, ngozi inakuwa nyeusi kwenye mikunjo ya viganja na kwenye fizi, anatamani chumvi. Unapimwa kwa damu. Na kama kuna dawa za kuogopa kwa tezi hizi ni steroidi, dawa za kutuliza uvimbe kama prednisoloni, ukizitumia muda mrefu halafu ukazikata ghafla, maana hapo tezi zimezoea kukaa bila kazi. Hizo sio dawa za ADHD kabisa, ni kundi lingine.

Ule mchoko wa saa kumi jioni kwa anayemeza dawa za ADHD, kichwa kizito, hasira za karibu, mara nyingi ni dawa inaisha nguvu kwa mtu ambaye hajala tangu asubuhi sababu dawa imemkata hamu ya kula, na usiku wake hakulala vizuri. Hiyo iite dawa kuisha nguvu, mwambie hivyohivyo daktari na umtajie saa inapoanzia, atajua aguse dozi au muda wa kumeza.