Spiriti haikaushi maji kwenye tanki la dizeli

Wakuu, wiki hii nimerushiwa tena ile sauti ya WhatsApp. Jamaa anayejiamini kweli kweli anawaambia madereva: ukishuku dizeli yako ina maji, mimina spiriti kwenye tanki, maji yatakauka, nozeli zitajisafisha na gari litakuwa jepesi mlimani. Aliyenirushia kaongeza na lake: "Fundi, si ndiyo wanayofanya Brazili?" Siyo wanayofanya Brazili, na maji hayakauki. Naandika kwa kirefu mara moja ili siku nyingine nikiulizwa nitume kiungo tu.

Brazili tuimalize haraka. Ethanoli, yaani ile pombe iliyomo kwenye spiriti, wao wanaitoa kwenye miwa; waliyoanza kuisukuma kitaifa mwaka 1975 inaingia kwenye petroli. Jirani zetu Malawi nao wanachanganya tangu 1982, petroli vilevile. Injini ya petroli inawasha kwa plagi, na ethanoli inaipenda kazi hiyo kwa sababu ni ngumu kujiwasha yenyewe. Dizeli inataka kinyume chake: mafuta yapulizwe na nozeli kwenye hewa iliyoshindiliwa hadi ikawa moto, yawake papo hapo bila kusaidiwa. Kwa hiyo sifa inayoifanya ethanoli iwe dhahabu kwenye petroli ndiyo hiyohiyo inayoifanya mzigo kwenye dizeli. Namba ya seteni, yaani kipimo cha wepesi wa mafuta kujiwasha, kwa dizeli ya Ulaya haitakiwi kushuka chini ya 51. Ethanoli iko kwenye 8 hivi. Malori ya Brazili yanachanganyiwa biodizeli, ambayo kwa sehemu kubwa inatoka kwenye mafuta ya soya. Ni kitu kingine kabisa, tafadhali tusivichanganye hivi viwili hata kwa mdomo.

Sasa maji, maana hapa ndipo ninapochoka.

Uvumi huu una asili, haukuanguka toka mbinguni. Petroli na ethanoli zinapatana, na petroli iliyokwisha kuwa na ethanoli inaweza kubeba maji kidogo yaliyoyeyuka humo hadi yakapita kwenye injini bila mtu kujua. Mtu akajifunza hilo kwa gari lake dogo, akalihamishia kwenye lori. Lakini kwenye dizeli ethanoli ni kama mtu aliyealikwa harusini asikomjua yeyote: anakaa meza aliyopangiwa, lakini akimwona mtu wa kijijini kwao tu, anahama na kiti chake. Mtu wa kijijini kwao ni maji. Ethanoli haiyaleti maji kwenye dizeli ili yachomwe pamoja. Yenyewe ndiyo inayoiacha dizeli na kuyafuata.

Ethanoli kavu kabisa, yaani isiyo na maji, inachanganyika na dizeli vizuri kukiwa na joto. Ikishuka kwenye nyuzi 10 hivi inaanza kujitenga. Weka maji kidogo tu, na itajitenga hata kwenye jua la Dar. Na wewe huna ethanoli kavu. Ukichemsha na kukusanya mvuke kwa njia ya kawaida, hata uwe na mtambo mrefu kama minara ya simu, pombe inagoma kwenye asilimia 95.6 kwa uzito. Maji yaliyobaki yanatolewa kwa njia nyingine, siku hizi zaidi kwa vichujio maalumu vinavyonasa molekuli za maji. Spiriti ya dukani inakuja na maji yake tayari. Na kuna aliyeniuliza kuhusu gongo, sitamjibu.

Usiniamini mimi. Chukua chupa nyeupe ya maji ya kunywa, weka dizeli robo tatu, juu yake spiriti ile ya rangi ya zambarau. Funga, tikisa, uone inavyogeuka kuwa kama uji mwepesi. Hapo ndipo wengi wanapiga picha na kusema imechanganyika. Haijachanganyika, umeivuruga tu. Iache juu ya meza unywe chai. Ukirudi utakuta mstari, na rangi ya zambarau imekaa upande wa pombe, dizeli haikuigusa.

Sasa angalia rangi iko wapi. Spiriti ikiwa kali, utaikuta JUU, kwa sababu ni nyepesi kuliko dizeli: uzito wake ni kama kilo 0.81 kwa lita, dizeli kilo 0.84. Ongeza kizibo kimoja kimoja cha maji, ukitikisa kila mara. Maji yakifika karibu sehemu moja ya tano ya uzito wa ule mchanganyiko wa pombe, tabaka la zambarau linazama chini ya dizeli. Ile ya kusafishia vidonda, ya asilimia 70, inazama tangu mwanzo. Fundi mwenzangu anayefundisha vijana kwamba "spiriti huwa inakaa chini" na yule anayesema "huwa inaelea" wote wanasema nusu, na wamegombana gereji moja mchana kutwa kwa sababu kila mmoja alikuwa na chupa tofauti.

Kwenye tanki halisi hali ni mbaya zaidi kuliko kwenye chupa. Maji ya kawaida yalikuwa yametulia chini, au yamekusanyika kwenye bakuli la seperata, ile filta ya kutenga maji na dizeli, ambapo ungefungua koki na kuyamwaga. Seperata inafanya kazi kwa sababu maji na dizeli havipendani: matone madogo yanakutana kwenye filta, yanakuwa makubwa, yanaanguka. Pombe inapunguza ule uadui. Matone yanabaki madogo, yanapita filta, yanaenda kwenye pampu. Mtu kanunua kitu cha kumwondolea maji, kumbe kayafungulia mlango wa pampu. Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu dawa yake ilikuwa koki ya bure.

Halafu kuna barabara yetu. Lori linajaza Dar kwenye nyuzi 30, linapanda Kitonga, linalala Makambako mwezi wa saba. Wanaoishi huku wanajua baridi ya asubuhi za mwezi wa saba. Hata kama ungeipata ethanoli kavu ya kiwandani, na mchanganyiko ukawa safi kama kioo wakati wa kuondoka, alfajiri ya Makambako unaweza kuwa umejitenga. Dereva anapiga starti, pampu inavuta funda la pombe. Injini inachelewa kushika, inagonga, inatoa moshi mweupe, na simu inaanza kuita.

Ulainishaji nitaupita haraka: dizeli ndiyo grisi ya pampu yako. Ethanoli ni nyembamba na hailainishi, na dizeli ya salfa ndogo yenyewe haina akiba kubwa ya ulaini, inategemea dawa inayowekwa. Pampu za rotari na za komoni reli zinalainishwa na mafuta yanayopita ndani yake. Pampu za zamani za mstari zina oili upande wa kemu, ndiyo maana zinavumilia uchafu mwingi. Tena ethanoli inachemka kwenye nyuzi 78, na mafuta yanayorudi kutoka injini iliyofanya kazi huwa moto. Mapovu kwenye upande wa kuvuta si rafiki wa pampu yoyote.

Nguvu? Lita ya ethanoli ina nishati karibu megajuli 21, ya dizeli 36. Ukiweka asilimia 10 umepoteza kama asilimia 4. "Gari jepesi mlimani" ametoa wapi?

Jambo ambalo karibu hakuna anayeliongelea ni tanki lenyewe. Juu ya petroli, kwa joto letu, mvuke ni mwingi mno kiasi kwamba hewa haitoshi kuuwasha ndani ya tanki. Juu ya dizeli mvuke ni mdogo mno. Juu ya ethanoli, kuanzia nyuzi 11 hivi hadi 40 na kidogo, mvuke uko katikati kabisa, mahali ambapo cheche moja inatosha. Asilimia chache tu za ethanoli zinaushusha ule ukomo ambao mvuke wa dizeli unaanza kuweza kushika moto, nyuzi 55 na zaidi, hadi karibu na wa ethanoli yenyewe, ambao ni 13. Maana yake lile tanki ulilozoea kuchomelea mabano karibu nalo bila wasiwasi si tanki lilelile tena.

Je, haiwezekani kabisa? Inawezekana. Mabasi ya Stockholm yalianza kutembea kwa ethanoli kwenye injini za aina ya dizeli mwishoni mwa miaka ya 1980. Lakini Scania waliijenga injini upya, hewa ikishindiliwa 28 kwa 1 wakati dizeli ya kawaida ya lori huwa kwenye 17 au 18, na mafuta yenyewe yana dawa ya kusaidia kuwaka. Wengine wanaipuliza ethanoli kwenye njia ya hewa, dizeli ikabaki kazi ya kuwasha tu. Wengine wanatia kiunganishi, na biodizeli yenyewe inasaidia kuzishikanisha hizo mbili. Na masizi kweli yanapungua, kwa sababu zaidi ya theluthi moja ya uzito wa ethanoli ni oksijeni. Hilo silikatai. Ila hakuna hata mmoja wao aliyetoa chupa chini ya kiti.

Mtaniambia kuna wazee wanamimina spiriti miaka yote na pampu ni nzima. Ni kweli, nawajua. Nusu lita kwenye tanki la lita 400 ni kama sehemu moja kwa elfu, haifanyi lolote, si baya si zuri. Na niseme ambacho mafundi hatupendi kusema mbele ya mteja: pampu ikija imekwaruzika, siwezi kutazama plunja, ile pistoni ndogo ya pampu, nikakuapia ni spiriti, mafuta ya taa au maji tu. Michubuko inafanana. Anayetaja mkosaji kwa kutazama kwa jicho anabahatisha, hata akiwa na benchi la kupimia nyuma yake. Nami bado sijui ni asilimia ngapi hasa pampu ya rotari iliyochoka inaanza kuumia, kwa sababu zinazonifikia zimeshaumia.

Kama umeshamimina nyingi, usiwashe. Kumwaga kidogo kwa koki ya chini hakutoshi, maana huenda pombe inaelea. Toa yote, tanki na bakuli la seperata, badilisha filta, weka dizeli safi, piga pampu ya mkono hadi hewa iishe. Uliyotoa iweke mbali na jiko na mashine ya kuchomelea.

Na maji mengine yakiingia, fungua koki asubuhi kabla ya kupiga starti, yakiwa yametulia.