Huduma kuwa mtandaoni si mwananchi kuridhika

Kwa muda mrefu imeaminika kwamba huduma ya serikali ikishahamishiwa mtandaoni, mwananchi huridhika. Kenya, yenye eCitizen, jukwaa la huduma za serikali mtandaoni, tangu 2014, inaonyesha vingine. Mwombaji wa pasipoti hujaza fomu na kulipa kwa simu, mara nyingi akimlipa pia kijana wa saiba (duka la intaneti) amsaidie, kisha huichapisha fomu hiyohiyo na kuipeleka mwenyewe uhamiaji, anakochukuliwa alama za vidole. Mwaka 2023 maombi yalirundikana, na waziri wa mambo ya ndani wa wakati huo akakiri kwamba mashine za kuchapishia zilikuwa zimechakaa. Tovuti ilikuwa ikipokea maombi (na malipo, bila shaka). Kilichomkera mwananchi ni kusubiri kijitabu ambacho hakuna tovuti iwezayo kukichapa.