Shujaa Asiyesema: Final Fantasy XIV kwa Macho ya Mwandishi wa Redio

Redioni, mhusika anayenyamaza hayupo. Ndilo somo la kwanza nililopewa nilipoanza kuandika michezo ya redio, na mpaka leo ndilo ninalompa kila kijana anayekuja kujifunza kwangu. Msikilizaji hana macho. Ukimsimamisha Mwanahamisi kando ya kaburi la mumewe na kumwacha kimya, msikilizaji hamwoni Mwanahamisi, anadhani betri zimekwisha. Kwa hiyo unamleta jirani, na jirani anasema: "Mwanangu, mbona umeushika huo mchanga hivyo? Uachie, twende nyumbani." Sasa Mwanahamisi yupo, ana mikono, na kimya chake kinasikika kuliko kilio.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikicheza Final Fantasy XIV, gemu la njozi linalochezwa mtandaoni na maelfu ya watu kwa wakati mmoja. Afrika haina seva zake, yaani kompyuta zinazoliendesha gemu, hivyo sisi wa Dar es Salaam tunaunganishwa na za Ulaya, na amri yako hufika imechelewa kidogo. Nilichokikuta humo ni kazi ileile ya redio, ikifanywa kwa ustadi uliobadilisha namna ninavyoandika. Mifano nitakayoitoa inafichua vifo na siri za hadithi. Asiyetaka kujua mapema aishie hapa.

Shujaa wa hadithi hiyo ni wewe mchezaji. Wanamwita Warrior of Light, yaani Shujaa wa Nuru, na hana sauti. Wengine wote wanazungumza. Yeye anaitikia kwa kichwa, anakunja ngumi, anageuza uso. Mara mojamoja unapewa uchague jibu kati ya mawili au matatu, na hadithi inaendelea njia yake ileile. Sababu inaeleweka. Huyu anamcheza shujaa mrefu mwenye pembe, yule anamcheza kibete mwenye masikio yaliyochongoka. Huyu mwanamke, yule mwanamume. Mmoja amemwazia shujaa wake mpole, mwingine amemwazia mkali. Mwandishi hawezi kuwapa wote kinywa kimoja. Kuna tatizo kubwa zaidi: hadithi inakuambia kwamba wewe ndiwe wa pekee duniani, nawe ukitoka kwenye kipande cha sinema kinachokuambia hivyo unaingia bandari ya Limsa Lominsa na kukuta mashujaa wengine mia wamesimama pale uwanjani, kila mmoja amemuua mungu yuleyule.

Magemu mengi ya aina hii yanalifunika jambo hilo na kuomba ulisahau. Hawa walilitia ndani ya hadithi, na walilazimika kufanya hivyo kwa sababu ya aibu.

Gemu la kwanza lenye jina hili lilitoka tarehe 30 Septemba 2010 na likaanguka vibaya. Lilikuwa zito, lina menyu za kuchosha, na ramani zake zilijirudia mwamba kwa mwamba. Kabla mwaka haujaisha, mkuu wa kampuni ya Square Enix wakati huo, Yoichi Wada, aliomba radhi hadharani, na kazi akakabidhiwa Naoki Yoshida. Yoshida aliamua kulijenga upya tangu msingi huku lile bovu likiendelea kuchezwa. Wachezaji wakaanza kuona kitu angani. Mwezi mdogo mwekundu, Dalamud, ulikuwa unakua. Kila sasisho la mwaka 2012 uliukuta umekaribia zaidi, mpaka ukawa umetanda juu ya miji. Tarehe 11 Novemba 2012 seva zikazimwa, na ikaonyeshwa sinema ya mwisho: mwezi unapasuka, joka Bahamut anatoka ndani yake, nchi inaungua.

Gemu jipya lilifunguliwa tarehe 27 Agosti 2013. Ndani ya hadithi imepita miaka mitano tangu maafa. Watu wa Eorzea, nchi ya hadithi hiyo, wanakumbuka kwamba walikuwapo mashujaa waliopigana siku ile, lakini hakuna awezaye kutaja majina yao wala kuzikumbuka sura zao. Wakijaribu, ni kama wanamtazama mtu aliyesimama mbele ya jua: umbo unaliona, uso huuoni.

Nilipoifikia sehemu hiyo nilisimamisha kila kitu nikaiandika kwenye daftari. Mashujaa wale walikuwa wachezaji wa kweli, waliolipia gemu bovu na kulilinda hadi usiku wa mwisho. Mwandishi hakuweza kuwapa uso mmoja, basi akaufanya ukosefu wa uso kuwa jeraha la nchi nzima. Mwenye kasoro kazini mwake huwa na njia mbili, kuificha au kuijengea nyumba. Hawa waliijengea nyumba, na ndiyo tunayoishi humo mpaka leo.

Ninaruka mbele hadi toleo la nyongeza la 2015, Heavensward, kwa sababu ya mtu mmoja anayeitwa Haurchefant. Ni mwana wa nje ya ndoa wa kabaila wa Ishgard, mji uliofunga malango yake kwa wageni. Anaongoza kambi moja kwenye theluji. Unapokuwa umesingiziwa kwamba umemuua malkia, marafiki wametawanyika na hujui nani amebaki hai, yeye ndiye anayekufungulia mlango, anakuweka karibu na moto, kisha anaishawishi nyumba ya baba yake ikupokee.

Halafu anakufa. Mnapanda ngazi mkimkimbiza askofu mkuu anayetoroka, na mmoja wa mashujaa wake anarusha mkuki wa mwanga kukulenga. Haurchefant anaruka mbele yako na ngao. Ngao inashika. Kamera inakaa hapo kwa muda, unauona mwanga ukisukuma na chuma kikianza kupasuka, na unapata nafasi ya kutumaini. Kisha mkuki unapita.

Sasa tazama kinachofuata, maana ndicho kiini cha yote ninayotaka kusema. Umepiga magoti umemshika. Huna neno, hujawahi kuwa nalo. Yeye ndiye anayekutazama na kukuomba usimtazame hivyo, kwamba tabasamu ndilo linalomfaa shujaa. Uso wako mwenyewe unaambiwa umekuwaje na mtu anayekata roho. Ni jirani wa Mwanahamisi kabisa. Kila mchezaji, mwenye pembe na asiye na pembe, analipokea ombi hilo kwa huzuni yake mwenyewe, kwa sababu mwandishi hakumwandikia huzuni ya kukariri.

Na wamefanya jambo jingine la ustadi ambalo wengi hulipita. Sauti inayoisimulia Heavensward tangu ufunguzi ni ya mzee Edmont de Fortemps, katika kumbukumbu anazoandika za mambo yaliyotokea. Edmont ni baba yake Haurchefant. Ukirudi ukausikiliza ufunguzi ule baada ya kumaliza, unatambua kwamba muda wote ulikuwa unasimuliwa na mfiwa. Mimi ningetamani kuwa mtu niliyefikiria hilo.

Katika toleo hilohilo kuna hadithi ya pembeni ambayo huwafundishia wanafunzi wangu hata kama hawajawahi kushika gemu. Aliyeiandika ni Natsuko Ishikawa, ambaye baadaye alikabidhiwa hadithi kuu ya matoleo ya nyongeza yaliyofuata, Shadowbringers ya 2019 na Endwalker ya 2021. Ni hadithi ya kujifunza kazi ya Dark Knight, askari wa upanga mkubwa.

Unashuka mtaa wa maskini wa Ishgard na kukuta maiti ya mtu aliyeshindwa katika hukumu ya mapigano. Unagusa jiwe alilokuwa nalo. Mtu aliyevaa deraya nyeusi na kofia ya chuma iliyoficha uso anainuka, anajiita Fray, na kuanza kukufundisha. Fray anakufundisha upanga, lakini zaidi anasema. Anasema kwamba kila mtu ana ombi kwako na hakuna anayekuuliza kama umelala. Kwamba unawaokoa, wanashukuru, kesho yake wanakutuma tena. Anakuomba uache kila kitu muondoke, nyinyi wawili. Siku zinavyokwenda unaanza kuona watu wanakutazama kwa mashaka, kama wanaomwona mtu anayeongea peke yake.

Ndivyo ilivyo. Fray wa kweli ni ile maiti uliyoikuta mtaani, na hakuinuka kamwe. Yule uliyekuwa ukimsikiliza ni wewe. Ni yale yote shujaa asiye na sauti ameyameza, yamepata umbo na kinywa. Mwisho wa mafunzo unapigana naye.

Kinachonishangaza ni malighafi aliyoitumia Ishikawa. Magemu ya aina hii yana ugonjwa mmoja unaojulikana na wote: utumwa wa vijimisheni, yaani kazi ndogondogo za kutumwa. Katika hadithi ya 2013, kabla hujapewa ruhusa ya kwenda kupigana na mungu wa ardhi aitwaye Titan, unazungushwa kutafuta mvinyo na jibini kwa ajili ya karamu ya wapiganaji wastaafu. Wachezaji wanailalamikia sehemu hiyo hadi leo, na wana haki, imerefushwa bila sababu. Ishikawa aliichukua ile kero, chuki halisi ambayo mchezaji alikuwa nayo sebuleni kwake akiwa ameshika kidhibiti, na kuifanya iwe maumivu ya mhusika. Fray analalamika, nawe unamjibu kimoyomoyo kwamba ndiyo, hata mimi nilichoka. Hapo mchezaji na mhusika wanakuwa mtu mmoja kwa mara ya kwanza, na wanakutana kwenye uchovu.

Emet-Selch wa Shadowbringers angestahili andiko lake mwenyewe. Ni adui ambaye kwa sehemu kubwa ya hadithi anatembea pamoja nawe, amepinda mgongo, anapiga miayo, anapunga mkono kama mtu aliyechoshwa na wageni. Anataka kuziunganisha dunia zilizopasuliwa ili watu wake wa kale warudi, na kila muungano unaua umati wa walio hai. Chini ya bahari amejenga upya mji wake, Amaurot, na kuujaza vivuli vya raia warefu waliovaa majoho. Vivuli hivyo vinakuona mfupi, vinakudhani mtoto, vinakuelekeza ofisi. Vinazungumza mambo ya kawaida kabisa ya mji ambao uko karibu na mwisho wake na haujui. Nilitembea humo jioni nzima bila kufanya misheni hata moja.

Na humo pia ukimya wako unafanya kazi. Emet-Selch anakutazama kama anayemtafuta mtu mwingine ndani yako. Roho yako inatokana na ya rafiki yake wa zamani, yeye anamkumbuka, wewe humkumbuki. Huwezi kumjibu kwa sababu huna sauti, na hata ungekuwa nayo usingekuwa na jibu. Anapoanguka anachoomba ni ukumbuke kwamba wao waliishi.

Kuna mahali pamoja ambapo mbinu yangu ya redio haifiki. Katika Endwalker adui mmoja, Zenos, anauchukua mwili wako na kukuacha ndani ya mwili wa askari wa kawaida wa dola lililosambaratika. Uwezo wote uliokusanya kwa mamia ya saa umekwenda. Una mapigo machache tu, jeraha haliponi lenyewe, na unatakiwa uvuke magofu yenye theluji uwafikie rafiki zako kabla yeye hajawafikia akiwa na uso wako. Wengine waliichukia misheni hiyo wakasema imewaonea. Mimi nadhani ni saa bora kabisa ya gemu zima, kwa kuwa hofu haikusimuliwa. Ilikuwa kwenye vidole vyangu, vikibonyeza vitufe ambavyo havikuitika.

Sisemi kila kitu ni kizuri. Ile hadithi ya 2013 ina majuma ya kutumwa huku na kule, na hata baada ya kupunguzwa mwaka 2020 bado inawakatisha tamaa wengi. Dawntrail, toleo la nyongeza la 2024, iliwagawa wachezaji. Kwa maoni yangu tatizo lake ni hilihili la kimya: mhusika mwingine, Wuk Lamat, yuko katikati ya kila jambo, nawe umesimama nyuma yake kama mlinzi, na mara nyingi hakuna anayegeuka kukutazama. Shujaa asiye na sauti anaishi kwenye macho ya wengine, na macho hayo yakiwa kwingine anatoweka.

Na lugha. Toleo tunalocheza sisi linapatikana kwa Kijapani, Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani. Tafsiri ya Kiingereza imeandikwa kwa mkono mzito wa makusudi. Yupo Urianger, mwanazuoni anayezungumza Kiingereza cha kale hadi wenzake wanasubiri amalize. Huwa najiuliza angesemaje kwetu, na jibu ninalo tayari: ningempa Kingozi, Kiswahili cha kale cha ushairi. Wengine waseme njia, nchi na macho. Yeye aseme ndia, nti na mato. Msikilizaji wa Lamu angecheka kwa furaha, wa Mwanza angelazimika kutega sikio, na wote wangejua huyu ni mtu wa namna gani kabla hajamaliza sentensi ya kwanza.

Anayetaka kujionea mwenyewe anaweza kuanza bila kulipa: jaribio la bure linafika levo 70, pamoja na Heavensward yote, na halina kikomo cha siku. Vumilia mvinyo na jibini. Ukishaingia Ishgard usikimbilie hadithi kuu. Shuka kwanza mtaa wa chini, kwenye nyumba zilizoporomoka, utafute mahali ilipolala ile maiti.