Daraja la Fangsheng: yanayosemwa na yaliyo kweli

Wengi wanaoitazama picha ya Daraja la Fangsheng, katika mji wa kale wa mifereji wa Zhujiajiao, pembezoni mwa Shanghai, huamini kwamba matao yake matano yanashikiliwa na chokaa. Sivyo. Tao la mawe hujengwa juu ya kiunzi cha mbao, mawe yakipangwa kutoka pande mbili hadi yakutane juu, na jiwe la mwisho likishakazwa katikati, kiunzi huondolewa. Tangu hapo uzito wa mawe yenyewe ndio unaoyabana.

Kosa kubwa zaidi ni kudhani kwamba nguzo zake nyembamba ni dalili ya udhaifu. Udongo wa uwanda ule wa Mto Yangtze ni laini, na nguzo nene zingeuelemea na kuubana mto unaopita chini ya daraja. Kwa kuwa matao yameunganishwa, msukumo wa tao moja hupokewa na msukumo wa tao la jirani, ndiyo maana nguzo zikaweza kupunguzwa unene. Mpango huu una hatari yake, kwani tao moja likibomoka huweza kuyavuta mengine, nami nauheshimu sana ujasiri wa mafundi waliolijua hilo na bado wakajenga.

Nundu ya daraja nayo si pambo. Zhujiajiao uliishi kwa biashara ya mchele na vitambaa, na tao la kati liliinuliwa ili mashua zilizosheheni zipite.

Husemwa pia kwamba daraja hili, lenye urefu wa mita 70 hivi, limebaki vilevile tangu 1571. Mwaka huo ndio lilipojengwa, enzi ya nasaba ya Ming, lakini lilijengwa upya mwaka 1812, chini ya nasaba ya Qing.

Wapo wanaodhani kwamba desturi ya kuachilia samaki hapo imebuniwa kwa ajili ya watalii. Jina lenyewe lawakanusha: “fangsheng” ni kuviachilia huru viumbe hai. Xingchao, mtawa wa Kibudha aliyekusanya michango ya ujenzi, aliagiza kwamba chini ya daraja samaki waachiliwe tu, wasivuliwe. Hata leo mgeni hununua samaki wadogo ndani ya mfuko wa plastiki uliojaa maji, akashuka hadi ukingoni, akaufungua na kuuinamisha taratibu mpaka wa mwisho ateleze mtoni.