Ganzi ya Vidole Si Nuru

Wiki iliyopita, usiku wa zikri, saa tano imeshapita, simu inalia. Ujumbe wa sauti, dakika nne na ushei. Kijana aliyehudhuria halaka yetu, kikao cha kumtaja Mungu kwa pamoja, kwa mara ya tatu ananieleza huku akihema: "Shehe, nimeamka. Wallahi nimeamka. Midomo imekufa ganzi, vidole vimejikunja vyenyewe, nimeona buluu kila mahali. Naomba uniambie nimefikia makamu gani." Yaani kituo gani katika safari ya kiroho. Kisha, kwa sauti ya mtu anayetaja jambo dogo, akaongeza kwamba anafikiria kuacha kazi, na kwamba mkewe "hayuko tena kwenye kiwango chake."

Sikumjibu. Nilizima simu nikalala, maana huyu ni wa tano tangu Ramadhani, na subira yangu si nyingi kama watu wanavyodhani wakiniona na kanzu. Mimi ni muridi wa Kadiria, tarika ya Kisufi, mwaka wa 26 huu, ukhalifa (uwakilishi wa shehe) nimeubeba miaka 9, na mchana nauza nyaya na swichi. Naandika mara hii moja ili wa sita nimrushie kiungo, mimi niendelee na hesabu za duka.

Tuanze na vidole, ndivyo vyepesi.

Zikri yetu, tunayoiita ya kukohoa, ni pumzi. Ukiivuta na kuitoa kwa kishindo, harakaharaka, robo saa nzima, unatoa hewa ukaa nyingi kuliko mwili unavyoizalisha. Damu inapungua asidi, kalisi iliyo huru ndani yake inashuka, neva zinakuwa nyepesi kushtuka. Ndipo midomo inapoingia ganzi na vidole kukakamaa. Mishipa ya damu kichwani nayo inabana, na hapo ndipo vinapotoka kizunguzungu na vimulimuli. Mama akihema ovyo kwenye uchungu wa kuzaa hupatwa na hayo hayo. Mkunga humwambia apumue taratibu, wala hampi daraja lolote.

Usiku ule nilikuwa nimeketi karibu naye. Kidole gumba kilikuwa kimeingia kiganjani, vinne vilivyobaki vimenyooka na kubanana mithili ya mdomo wa ndege. Mzee wetu wa kahawa akaweka dele chini, akaushika ule mkono kwa viganja vyake viwili, akamwambia, "Funga mdomo, mwanangu. Pumua kwa pua. Polepole." Baada ya muda mkono ukalegea. Mzee hakuongeza neno, akarudi kwenye dele lake. Habari za kalisi hajawahi kuzisoma; ameona mikono mingi tu.

Kabla wenzetu wanaoiita zikri hii "bidaa", uzushi katika dini, hawajashangilia: sikusema pumzi haina kazi. Nimeona mwanamume mzima aliyezika watoto wawili bila chozi akilia katikati ya halaka mpaka wenzake wakamwachia nafasi. Kitu kilifunguka pale. Na anayeniambia "basi yote ni kemia" namwambia machozi nayo ni maji na chumvi, aende msibani akawaeleze wafiwa.

Sasa linalonikera hasa.

Makamu. (Si wa Rais.) Abul-Qasim al-Qushayri wa Nishapur, aliyefariki mwaka 1072, alilieleza jambo hili kwa uwazi hata sielewi tunapotelea wapi: hali ni tunu, makamu ni chumo. Hali hukushukia moyoni bila wewe kuiita: furaha, dhiki, shauku, haiba. Huja bila kubisha hodi na huondoka bila kuaga. Makamu unayachuma kwa jasho, toba, uchaji, subira, na huhamii la pili kabla hujatimiza haki za la kwanza. Aliyeokota elfu kumi barabarani hana mshahara. Ana elfu kumi, na ni zake, na Mungu ambariki. Ila asiende benki kuombea mkopo.

Tena wazee wenyewe hawakukubaliana kila mahali. Juu ya ridhaa waligawanyika: watu wa Khurasan walisema ni makamu, watu wa Iraki wakasema ni hali. Napenda mgawanyiko huo, maana unaonyesha walikuwa wakichunguza kitu, si kukariri orodha. Ila hakuna upande uliosema kwamba ganzi ya midomo ni mojawapo.

Ninavyokereka si kwa sababu ya istilahi. Nakereka kwa sababu kosa hili linaumiza watu. Mara nyingi hali kali huja mwanzoni, kisha hukatika. Aliyeambiwa kwamba ile ndiyo kuamka kwenyewe anaona amefukuzwa peponi. Anaanza kuifukuzia: anakohoa kwa nguvu zaidi, halaka tatu kwa wiki, anafunga bila kulala, anahama shehe. Anakuwa mlevi wa hali. Najua kwa sababu nilikuwa mmoja wao. Mwaka wangu wa pili sikukosa hauli, kumbukumbu ya kila mwaka ya shehe aliyefariki, hata moja kutoka Tanga hadi Bagamoyo. Mama yangu alikuwa na miadi ya macho hospitali. Nikamwachia jirani ampeleke, mimi nikapanda basi kwenda kutafuta nuru.

Hapo Bagamoyo penyewe nilipaswa kujifunza. Yule tunayemzuru, Sheikh Yahya bin Abdallah, ambaye watu humwita Sheikh Ramiya, aliletwa pwani akiwa mtoto mtumwa kutoka Manyema. Akasoma, akafanya biashara, akasomesha watoto wa watu miaka kwa miaka, hadi mji uliompokea utumwani ukawa unamwendea kwa elimu. Alifariki mwaka 1931. Katika yote niliyosimuliwa juu yake sijasikia mtu akinieleza aliona rangi gani.

Wanaotaka kuacha kazi hawakosi kunitajia Ghazali, mwanachuoni aliyeacha cheo chake. Kisa chenyewe nakijua, na kinachosambazwa mitandaoni ni nusu. Mwaka 1095 Ghazali ni mwalimu mkuu wa chuo cha Nidhamiya cha Baghdad, jina kubwa kuliko yote mjini. Anajichunguza na kuona kwamba anasomesha kwa ajili ya cheo na sifa. Karibu miezi sita anavutwa huku na huku: asubuhi ameazimia kuondoka, jioni azma imeyeyuka. Mwisho ulimi unafungwa, hawezi kusomesha hata neno, chakula hakishuki, matabibu wanakata tamaa. Anaondoka akiwaambia watu anakwenda Makka, kumbe nia yake ni Sham, upande wa Syria.

Video hukatia hapo, na muziki wa filimbi. Yanayofuata hawayaweki. Mali aligawa, lakini alibakiza ya kuwatosha watoto wake. Darasa hakulitupa, alimwachia mdogo wake Ahmad. Damascus alikuwa akipanda mnara wa msikiti na kujifungia humo kutwa nzima, sawa, na mimi ningependa mnara wa namna hiyo. Lakini ameandika mwenyewe kwamba ni watoto waliomvuta kurudi nyumbani. Na mwaka 1106 alirudi kusomesha, Nishapur, kazi ile ile. Alisema kwa nje amerejea alipokuwa, ila zamani alifundisha elimu ya kupatia cheo, na sasa ile ya kukiachia. Miaka 11, na badiliko lenyewe lipo mahali ambapo mwanafunzi wa benchi la nyuma asingeweza kuliona.

Hapa nina jambo ambalo darasani silisemi. Ulimi kufungwa, chakula kutoshuka, azma kuyeyuka kila jioni: leo daktari angeandika sonona, na huenda asingekosea. Nimekisoma kisa hicho pengine mara 30, na bado siwezi kuonyesha kwa kidole mahali ugonjwa unapoishia na uongofu unapoanzia. Walimu wangu walikuwa na hakika. Mimi sina.

Kwa sababu hiyo sheria yangu ni moja, na sijadiliani juu yake: ukikosa usingizi usiku tatu na huoni uchovu, ukianza kugawa vitu vya nyumbani, ukisikia sauti zinazokuamuru, zikri inasimama na tunakwenda hospitali. Mimi nitakusindikiza. Mwaka mmoja nilimwambia mtu aendelee na uradi wake, dua zake za kila siku, wakati alihitaji daktari siku nyingi kabla. Nduguze walimpeleka wenyewe baada ya mambo kuharibika. Hilo nalibeba.

Nadhani neno "kuamka" lenyewe linachangia kutupotosha. Katika vitabu vya njia hii adui si usingizi, ni ghafla (si ya "mara moja", ni ya moyo kusahau), na Kiswahili kimelichukua neno hilo vizuri sana: kughafilika. Kinyume chake tunacho cha kwetu, kuzinduka. (Siku hizi vinavyozinduliwa ni visima na barabara, utepe unakatwa, watu wanakwenda kula pilau. Kumbe mzizi ni mtu aliyezimia anapofumbua macho.) Asubuhi unaamka mara moja, umemaliza. Kuzinduka hakuna kumaliza. Jana adhuhuri nilipiga takbira nikiwa hapo, nikasoma Alhamdu nikiwa hapo, kisha nikajikuta narukuu huku nimefika kwenye boksi la swichi za njia mbili ambalo mteja hajalilipia. Nikazinduka. Nikasujudu. Kabla sijainua kichwa nilikuwa nimesharudi kwenye deni. Rakaa nne, labda nilizinduka mara tano. Hiyo ndiyo kazi, yote. Hakuna cha kumsimulia mtu usiku wa manane.

Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, mshairi aliyetunga Al-Inkishafi, alilijua hilo. Inkishafi maana yake kufunukiwa, lakini ukiusoma utendi wake humkuti mtu anayetangaza kwamba amefunukiwa. Unamkuta mtu anayebishana na moyo wake mwenyewe, anausihi, anaukaripia, anauonyesha nyumba za matajiri wa Pate ambamo vidaka vya kupangia sahani vimekuwa malalo ya makinda ya ndege, na moyo bado hautaki kusikia. Mshairi mwenye kipaji kile, na moyo wake mkaidi vile! Nikichoka na nafsi yangu huwa nakumbuka hivyo vidaka.

Na Junayd wa Baghdad, aliyefariki mwaka 910, alikuwa na duka la hariri. Mimi na swichi zangu hilo hunifariji. Yeye ndiye aliyeshikilia kwamba ulevi wa kiroho si mwisho wa safari, kwamba baada yake kuna kurudi kwenye akili timamu, na kurudi huko ndiko kukubwa. Wapo waliompinga, na wana hoja zao. Mimi niko upande wa mwenye duka.

Sasa mtaniuliza: wewe umebadilika? Swali halali, na ndilo linalonitisha kuliko yote. Zamani nilikuwa mtu wa kupiga meza na kubamiza milango. Sasa sivyo. Lakini zamani nilikuwa na miaka 23, sasa nina 49 na sukari. Sina namna ya kuishi maisha mengine bila zikri ili nilinganishe. Nilimwuliza mke wangu, yeye ndiye shahidi. Akafikiri kidogo huku akichambua mchele, akasema, "Kelele umepunguza. Lakini hata baba yangu alipunguza, na tarika hakuwa nayo."

Nawajua pia watu ambao hali zao ni za kweli, sina shaka nazo, na madeni ya watu hawalipi. Na jirani yangu mmoja ambaye msikitini humwoni mwaka mzima ndiye aliyekaa na mgonjwa wangu hospitali usiku mbili bila kuombwa. Vitabu vina majibu ya hayo. Nimeyatoa mara nyingi majibu hayo, na kila nikiyatoa naona yanapita kasi kidogo.

Yule kijana nilimpigia kesho yake. Nikamwambia kazi asiache. Nikamwambia tunu ameipata, amshukuru aliyempa na asimhadithie mtu. Nikamwuliza mkewe amemfanyia nini wiki hiyo. Kimya. Kimya kirefu, mpaka nikadhani salio limeisha.

Jana alikuja tena. Sikumweka kwenye mstari; nilimweka nyuma, karibu na mkeka wa kahawa, aoshe vikombe. Alivunja kimoja kabla hata tahlili haijaanza. Watu walipoondoka alinifuata, mikono bado imelowa, akauliza kwa adabu kabisa, "Shehe, hii ya vikombe ni ya muda gani?"

Mzee wa kahawa alikuwa ameinama akikung'uta majivu ya jiko. Hakuinua kichwa.

"Mimi waliniambia wiki mbili," akasema.